Chakula Kilichorudishwa: Barua Tatu Kuhusu Watetezi Wanaokamatwa

Mwezi huu nimeweka kando barua za mirathi na za mipaka ya viwanja, na wenyewe nawaomba wanisubiri hadi toleo lijalo, kwa sababu barua tatu kati ya zilizonifikia hapa Tanga zinazungumza jambo moja ambalo haliwezi kungoja. Majina ya waandishi nimeyahifadhi, na pale ambapo jina la kijiji lingemtambulisha mtu sikulitaja.

Barua ya kwanza

*Ndugu wakili, assalaam alaikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi wilaya ya Mkinga. Mwanangu wa pili ni msaidizi wa kisheria. Alipata mafunzo akapewa kitambulisho, na kwa miaka mitatu amekuwa akiwaandikia wanakijiji malalamiko kuhusu shamba la zamani la mkonge ambalo tumelilima tangu likiwa pori. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha walikuja wanaume wanne wasiovaa sare, wakasema wanamhitaji kwa mahojiano mafupi, wakachukua simu yake na daftari lake, wakaondoka naye. Asubuhi nilipika uji na viazi nikaenda kituo cha kwanza, wakasema hayupo. Nikaenda cha pili, chakula wakanirudishia. Siku ya tatu tukaambiwa yuko kituo cha wilaya nyingine. Sasa ametoka kwa dhamana na anaripoti kila Jumatatu, lakini simu na daftari havijarudi, na hajaambiwa kosa lake zaidi ya neno moja, uchochezi. Je, walivyofanya ni halali? Na je, nimwambie aache kazi hiyo?*
Mama, Mkinga

Waalaikum salaam, mama yangu, na pole sana kwa siku hizo tatu. Naanza na hicho chakula kilichorudishwa. Nimekaa nje ya vituo vya polisi kwa miaka mingi pamoja na kina mama wenye mabakuli yaliyofungwa kwa leso, na nimejifunza kwamba bakuli hilo ni ushahidi. Likipokelewa kaunta, mtu yumo ndani na kituo kimekiri kuwa kinaye. Likirudi, ama hayumo, ama yumo na hakuna anayetaka kumwandika. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, muulize askari wa zamu jina lake kwa heshima, mwombe aangalie daftari la mahabusu mbele yako, kisha uandike saa uliyofika, ulichojibiwa na aliyekuwa amefuatana nawe. Huko si kugombana na mtu yeyote. Unaiwekea alama saa ambayo bila wewe ingepita bila kuandikwa popote.

Sasa uhalali. Askari kutovaa sare si kosa peke yake, kwa kuwa wapelelezi wengi hawavai, lakini anayemkamata mtu anawajibika kumweleza sababu ya kumkamata, na maneno "mahojiano mafupi" si sababu. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na mahojiano ya polisi yamewekewa saa 4 za msingi, ambazo zinaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo hiyo. Kuhusu zile saa 24 ambazo kila mtu anazitaja, ningependa uelewe vizuri zilivyoandikwa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Sheria inasema kwamba ikiwa haiwezekani kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Na akibaki ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Maneno hayo mawili, "mapema iwezekanavyo", yamekuwa mlango mpana kuliko yalivyokusudiwa. Hata hivyo, hakuna tafsiri yoyote ya maneno hayo inayoruhusu familia iambiwe "hayupo" wakati yupo. Kumhamisha mtu kutoka kituo hadi kituo huku ndugu zake wakizungushwa kunamtoa katika ulinzi wa sheria kwa muda wote huo, na Ibara ya 15 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, inayolinda uhuru wa mtu kutokamatwa wala kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria, haikuandikwa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam peke yao.

Siku zile tatu mngeweza kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Tanga, kuiomba iamuru kwamba aliyemshikilia mwanao amlete mbele yake na aeleze sababu ya kumshikilia. Maombi hayo hutolewa kwa dharura, na mara nyingi mtu hupatikana hata kabla ya tarehe ya kusikilizwa, kwa sababu jina lake limekwisha kuandikwa mahali ambapo haliwezi kufutwa. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kina wanachama katika mji huu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanza mwaka 1995, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu hupokea simu za aina hii. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila malipo, ila yaende mapema, kwa sababu Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Na dhamana ya polisi haitozwi fedha. Kama mlidaiwa chochote, mkiandike hicho nacho.

Kuhusu simu na daftari: anayechukua mali katika upekuzi anatakiwa kutoa stakabadhi yenye orodha ya alivyochukua, ikiwa na sahihi za mwenye mali na mashahidi. Kama hamkupewa, mwanao aandike barua kwa mkuu wa kituo anachoripoti, aorodheshe vitu hivyo, aombe stakabadhi, na nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Nitasema wazi kwamba daftari ndilo linalonisumbua zaidi ya simu. Humo mna majina ya wanakijiji waliomweleza shida zao wakimwamini.

Uchochezi ni neno linalotisha, nami naelewa kwa nini lilikunyima usingizi. Makosa ya uchochezi yamo katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi niliowataja hapo juu, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwamo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zaidi ya hayo, kuandika malalamiko ya ardhi na kuyapeleka kwa mamlaka yenye dhamana ya ardhi ni kinyume cha uchochezi. Ni kuitumia serikali kwa namna ilivyokusudiwa kutumika. Wala usidhani kwamba mtetezi ni mtu mwenye ofisi na gari. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lililopitishwa tarehe 9 Desemba 1998, linaanza kwa kusema kwamba kila mtu, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kutetea na kutafuta utekelezaji wa haki hizi. Mwanao, kwa kalamu yake na kitambulisho alichopewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, yumo ndani ya maneno hayo.

Sasa swali la pili, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Sitakushauri umwambie aache, wala sitamwita shujaa, maana si mimi ninayelala macho wazi nikisikiliza mlio wa gari. Nitakueleza ninachokiona katika barua yako. Malalamiko ya kijiji kizima yalikuwa katika mkono mmoja, daftari moja na simu moja, na kwa sababu hiyo ilitosha kumchukua mtu mmoja usiku mmoja ili kijiji kizima kinyamaze. Jambo la kubadilisha ni hilo. Suala la shamba liingizwe katika mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, wahudhuriaji watie sahihi, na barua zitoke kama maamuzi ya mkutano huku nakala zikibaki kwa watu watatu au wanne. Anapokwenda kuonana na maofisa aende na wenzake wawili. Kila Jumatatu anapokwenda kuripoti asiende peke yake, na anayemsindikiza asubiri nje mpaka atoke. Kijana aliyetumwa na mkutano wa kijiji ni mgumu zaidi kumwita mchochezi kuliko kijana mwenye daftari lake kwapani. Basi ukizungumza naye, mama, zungumza pia na majirani zako, wale ambao malalamiko yao ndiyo yaliyomlaza ndani.

Barua ya pili

*Ndugu mhariri wa safu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Muheza. Nimesoma mengi kuhusu hawa wanaoitwa watetezi. Wengi wanalipwa na wafadhili wa nje, na serikali haiwezi kumkamata mtu bila sababu. Kama hana hatia, si mahakama itamwachia? Kwa nini kelele zote hizi?*
Mwalimu mstaafu, Muheza

Shikamoo, mwalimu. Nashukuru kwamba umeuliza waziwazi, kwa sababu wengi huyasema haya barazani bila kuyaandika.

Usemi wako kwamba mahakama itamwachia asiye na hatia ungetosha iwapo kungoja mahakamani kusingekuwa adhabu. Tazama mambo yaliyotokea hadharani. Tito Magoti, mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikamatwa Dar es Salaam tarehe 20 Desemba 2019, na siku nne baadaye yeye na mwenzake Theodory Giyan walifikishwa mahakamani wakishtakiwa kuongoza genge la uhalifu, kumiliki programu ya kompyuta kwa nia ya kutenda kosa, na kutakatisha fedha. Utakatishaji fedha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana katika sheria yetu. Maana yake, kuanzia siku mashtaka yanaposomwa, mtu anarudi mahabusu, na kila baada ya siku kadhaa analetwa ili kesi itajwe, na upande wa mashtaka unasema maneno ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama zetu anayajua kwa moyo: upelelezi haujakamilika. Walitoka tarehe 5 Januari 2021 baada ya makubaliano na mwendesha mashtaka, wakitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 17. Kabla yao mwandishi wa habari Erick Kabendera alikuwa amechukuliwa nyumbani kwake mwishoni mwa Julai 2019. Kwanza aliulizwa kuhusu uraia wake, kisha akashtakiwa kwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha, naye alitoka Februari 2020 kwa makubaliano ya aina hiyo hiyo na kwa malipo makubwa mno.

Utaniambia kwamba kama walikiri, basi walikuwa na kosa. Mwalimu, mweke mtu mbele ya milango miwili: mmoja unamrudisha kwa wanawe leo akitia sahihi, mwingine unamrudisha mahabusu kungoja upelelezi usio na tarehe ya mwisho. Sahihi inayotolewa hapo haiwezi kutueleza mengi kuhusu kilichotendeka kabla. Mnamo Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinapingana na Katiba; Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Naiheshimu Mahakama ya Rufani na ninautii uamuzi wake, lakini imani yangu haijabadilika kwamba uamuzi wa nani anafaa kupewa dhamana na nani hafai ungebaki mikononi mwa hakimu anayemwona mtu mbele yake.

Kuhusu fedha za nje nitakuwa mfupi. Tamko lile la 1998 linaruhusu waziwazi kutafuta na kupokea fedha kwa ajili ya kutetea haki kwa njia za amani, na serikali yetu yenyewe hupokea fedha kutoka kwa wafadhili hao hao kwa ajili ya shule na dawa. Anayetumia vibaya fedha ya msaada ashtakiwe kwa wizi huo, kwa ushahidi wake. Lakini soma barua ya mama wa Mkinga hapo juu, kisha uniambie ni mfadhili gani aliyemlipa yule kijana.

Barua ya tatu

*Wakili, mimi ni kijana wa Chongoleani, mvuvi. Tuna kundi letu la WhatsApp la wavuvi na majirani. Tunasikia Uganda watu wanaohoji habari za bomba la mafuta linaloishia hapa kwetu wanakamatwa. Je, hilo linatuhusu? Na la pili: jirani akichukuliwa na watu tusiowajua, naweza kuandika nini kwenye kundi bila kuvunja sheria ya mtandao? Je, baadaye nifute?*
Mvuvi, Chongoleani

Linawahusu. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, linaanzia Hoima na kuishia ufukweni kwenu, na sehemu kubwa ya urefu huo iko ndani ya Tanzania. Mnamo Oktoba 2022 wanafunzi tisa waliandamana Kampala dhidi ya mradi huo wakakamatwa, na kesi yao ilikaa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuondolewa Novemba 2023. Juni 2024 Stephen Kwikiriza, mfanyakazi wa shirika la mazingira, alichukuliwa Kampala na akapatikana siku chache baadaye akiwa ameachwa kando ya barabara huko Kyenjojo, amepigwa. Sikuelezi haya ili uupinge mradi au uuunge mkono, maana huo ni uamuzi wako na wa wenzako. Nakueleza kwa sababu anayeuliza maswali ya fidia, bahari na samaki katika ncha moja ya bomba anauliza maswali yale yale yanayoulizwa katika ncha nyingine, na haki ya kuyauliza ni moja.

Wala mipaka haiwazuii wanaochukua watu. Mei 2025 Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, wakakamatwa. Siku chache baadaye Mwangi alipatikana Ukunda, upande wa pili wa mpaka wetu wa Horohoro, na Atuhaire akapatikana mpakani Mutukula. Wote wawili walieleza hadharani kwamba waliteswa na kudhalilishwa kingono, madai ambayo polisi wa Dar es Salaam waliyakanusha, na wamefungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mahakama hiyo imezidi kuwa muhimu kwetu tangu Novemba 2019, wakati Tanzania ilipotangaza kuondoa ruhusa ya mtu mmoja mmoja na mashirika kupeleka mashauri yao moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha. Jengo lipo nchini mwetu, na raia wetu hawezi tena kuingia mwenyewe na shauri jipya.

Sasa swali la kundi lenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa makusudi, kwa hiyo kinga yako ya kwanza ni kuandika ulichokiona kwa macho yako na kuacha unachokikisia. "Fulani amechukuliwa saa 2 usiku mbele ya duka, na wanaume watatu, gari jeupe, namba hii, likielekea mjini": hayo ni maelezo ya shahidi. "Serikali imemteka fulani" ni hitimisho, na hata likija kuwa kweli, siku ya kwanza huna cha kulithibitisha. Ujumbe wa kwanza ndio unaomsaidia mtu, kwa sababu wakili anaweza kuubeba hadi Mahakama Kuu. Usiweke picha ya watoto wake, wala usitaje alikokuwa amelala au nani aliyemhifadhi. Na kabla ya kuandika kundini, mpigie mke wake au mzazi wake, asije akayasoma hayo kwenye simu ya jirani.

Watu wa Tanga hatuhitaji kukumbushwa kwa nini maelezo ya shahidi yana uzito. Tarehe 6 Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa Chadema, alikuwa ndani ya basi akirudi huku kwetu. Alishushwa Tegeta na watu wenye silaha mbele ya abiria, mwili wake ukapatikana Ununio, naye akazikwa hapa kwao. Rais alilaani mauaji hayo na kuagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa ya kina. Kama basi lile lingekuwa tupu, tusingejua hata mahali alipochukuliwa. Na katika mkoa wa Pwani, mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, na familia yake haijamwona tena. Mtu ameondoka nyumbani, na nchi nzima haina maelezo ya kuaminika ya saa zake za mwisho.

Kuhusu kufuta: usifute. Hata jirani yenu akirudi mzima kesho yake na kila mmoja akashukuru, ujumbe ule wenye saa na namba ya gari unaweza kuhitajika miezi sita baadaye, siku atakapoulizwa mahakamani alikuwa wapi kati ya usiku ule na siku aliyoandikwa kituoni. Uhifadhi mahali pengine nje ya simu yako, kwenye karatasi ikibidi, wewe na aliyekuwa karibu nawe mtie sahihi, na umpe nakala mtu ambaye hayumo kwenye kundi lenu.